Klabu Yangu ya Kisolo na Sura ya Papa Georges

Jumatatu, 10 Machi 2025

Daftari hili nimelitoa katika sanduku la vitu vilivyosahauliwa na wanafunzi. Mwenye nalo aliandika ukurasa mmoja wa jiometria, akakata tamaa. Minye, yaani mimi, naendelea pale alipoachia.

Naandika kwa sababu hapa shuleni kuna mambo. Siku moja watu watataka ushahidi. Huu hapa.

Asubuhi, baada ya bendera kupanda, Mama Préfet Josée, mkuu wa shule, alisimama kwenye ngazi akatangaza Siku ya Klabu. Jumamosi hii, saa nne kamili, atapita kuhesabu. Klabu isiyokuwa na wanachama kumi, katika chumba chake, pamoja na encadreur, msimamizi wake, inafungwa. Chumba kinapewa wengine. Alisema hayo akiniangalia minye. Au aliangalia ukuta nyuma yangu. Lakini ukuta hauna klabu!

Minye ni mlinzi wa shule hii ndogo ya Panda, hapa Likasi, na ndiye mpiga kengele. Kengele yetu ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Halafu, mwaka wa pili sasa, minye ni encadreur wa Klabu ya Kisolo. Ubao, mashimo, mbegu, na mtu mmoja anayekula mbegu za mwenzake huku akimtukana kwa heshima. Chumba chetu ni magazini, ghala la zamani, karibu na lango. Wanachama: tisa. Walikuwa kumi na mmoja. Wawili wamehamia fanfari, bendi ya tarumbeta.

Fanfari ni ya Georges. Georges ni laborantin wa kemia. Maabara yetu haijaona asidi tangu watoto hawa walipozaliwa, kwa hiyo Georges iko na wakati mwingi wa kupuliza tarumbeta. Tumekua pamoja katika kambi ya wafanyakazi, nyumba ya tatu na nyumba ya nne. Minye Mkatoliki, yeye Mmetodisti. Hata mbinguni tutaingia kwa milango miwili. Anataka magazini yangu aweke ngoma zake. Aliniomba wiki iliyopita, kwa upole. Upole wa Georges ni upole wa paka karibu na samaki wa Kapolowe.

Sitoi! Wale niliocheza nao kisolo kambini tumewazika wote, isipokuwa Georges, na yeye amehamia tarumbeta. Hélène, mke wangu, hataki kucheza na minye, anasema natukana mno. Wamebaki watoto hawa tisa. Wakiondoka, nitakuwa mzee anayegonga chuma, basi.

Anahitajika mmoja tu. Mmoja! Na siku tano.

Jumanne, 11 Machi

Mpango wa kwanza. Nimepitisha habari kimya kimya: atakayeandikishwa kisolo leo, mapumziko yatakuja mapema. Wamejiandikisha ishirini na watatu. Nimegonga reli dakika kumi na mbili kabla ya saa. Shule nzima ikatoka mbio kama siafu waliomwagiwa maji.

Mama Préfet akatoka pia. Akaniuliza kama saa yangu ni mgonjwa. Nikasema ni mzee, kama minye. Akaomba kuona karatasi niliyoshika. Akafuta majina ishirini na matatu kwa kalamu nyekundu, moja moja, bila haraka, akipuliza wino ukauke.

Tunabaki tisa.

Jambo la pili, baya zaidi. Joëlle, présidente wa klabu yangu, msichana wa darasa la tano, mkali wa kisolo kuliko minye niliyemfundisha, amekuja na kuniuliza nimezaliwa mwaka gani. Nikauliza, ya nini? Akasema, "Bule tu, Kambo." Kambo ni babu, ndivyo wote wanavyoniita.

Bule tu! Watu wa aina mbili ndio wanauliza mwaka wa kuzaliwa wa mzee: wale wa pensheni na wale wanaoandika misalaba. Joëlle si wa pensheni.

Nimemwambia 1951. Ulimi ulitangulia.

Jioni, nyumbani, fremu ya ukutani iko wazi. Picha yangu ya siku niliyostaafu, na tai, haimo. Nimemuuliza Hélène. Ati panya. Panya gani anakula picha na kuacha kioo kimefungwa vizuri? Nimemwangalia. Akainama kupepeta unga. Miaka arobaini na sita ya ndoa! Hélène akipepeta unga uliokwisha kupepetwa, anaficha kitu.

Jumatano, 12 Machi

Saa ya klabu, wamekuja sita. Wanacheza wakiangaliana. Nikiingia, kimya. Nikitoka, kicheko. Nimejifanya nimesinzia na jicho moja wazi. Nimesikia neno "sura yake." Nimesikia "asijue."

Joëlle akaaga, ati kichwa kinamuuma. Nimemfuata. Kichwa chake kinamuuma kuelekea sokoni, kwa Rolly.

Kila mtu hapa Likasi anamjua Rolly. Anachapisha fulana. Ukiona sura ya mtu kwenye fulana ya Rolly unavua kofia, kwa sababu sura hiyo imekwisha kwenda. Kilio bila fulana ya marehemu siku hizi si kilio. Watu watasema familia haikumpenda. Sura za walio hai anachapisha wakati wa uchaguzi tu. Minye sijagombea kitu chochote.

Nimengoja Joëlle aondoke, nikaingia. Juu ya meza: minye. Na tai yangu. Chini ya sura: KAMBO ÉDOUARD. Halafu, upande wa kulia, 1951. Na karibu yake nafasi wazi.

Nafasi wazi! Imebaki kuandikwa mwaka wa pili tu!

Rolly amenifunika haraka na gazeti. Nikamuuliza ni kazi ya nani. "Minye sisemi kitu, Papa. Ya batu ni ya batu." Nikamuuliza basi ngapi. Hilo akajibu, kwa sababu ana majivuno ya kazi: kumi na nne.

Fulana kumi na nne. Hata baba yangu mzazi hakuliliwa na fulana kumi na nne.

Sikula bukari, ugali wetu, leo. Nimekula kidogo. Nimekula, lakini bila furaha.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi mbio kwenye dispansari. Nimemwambia Blandine, muuguzi, asinifiche. Kama kuna kitu walikiona nilipopimwa mwezi wa kwanza, aseme, minye ni mwanaume. Akanifunga kile kitambaa mkononi, akapuliza, akasikiliza. "Kambo, uko na roho ya mbuzi. Utatuzika sisi bote." Nikamuuliza kwa nini anacheka. Akasema hacheki. Alikuwa anacheka.

Basi siyo ugonjwa. Nimekaa chini ya reli, nikafikiri, mpaka nikachelewa kugonga saa ya pili. Nimepata jibu.

Georges!

Mama Préfet alisema wazi: wanachama kumi, pamoja na encadreur wao. Encadreur akiwa marehemu, klabu imekwisha, magazini wazi, ngoma zinaingia. Georges hana haja ya kuniua. Anahitaji watu waamini tu, mpaka Jumamosi saa nne. Watoto amewadanganya kwa tarumbeta. Hélène amemdanganya na nini, sijui bado.

Mpango wa pili. Dawa ile ile, kikombe kile kile. Ofisini kuna picha ya walimu ya Aprili 30, sikukuu yao. Nimeitoa ukutani wakati katibu anapokea simu. Nimeipeleka kwa Rolly, akamkata Georges kutoka katikati ya watu wa Hisabati. Fulana moja tu. Nimemlipa kuku mweusi wa Hélène. Shauri langu: kesho asubuhi naitundika kwenye usukani wa kinga, baiskeli yake. Aione. Ajue kwamba najua. Aogope kidogo, aache watoto wangu.

Rolly, kwa mazoea ya mkono, ameongeza msalaba na maneno: TUTAKUKUMBUKA DAIMA. Nikamwambia sikuomba hayo. Akasema sura ya mzee bila maneno haina heshima. Nimeitazama. Amemtoa vizuri, mjinga huyu. Georges anafaa kuwa marehemu.

Hélène anatafuta kuku wake. Nimemwambia panya.

Ijumaa, 14 Machi

Georges hakuja! Kinga hakuna. Wanasema tangu alfajiri amekwenda Mulungwishi, kwenye mkutano wa wapiga tarumbeta wa kanisa lao, anarudi kesho. Simu yake haipatikani. Angalia sasa! Mtu anayeondoka mjini siku moja kabla ya jambo, anataka watu waseme hakuwepo.

Fulana ikabaki mfukoni kwangu.

Saa tisa mvua. Si mvua ya kuchezea. Nilikuwa nahamisha mbao za kisolo zisilowe, nikalowa minye, mpaka shati likawa kama kitambaa cha kudekia. Mzee wa miaka sabini na mitatu halowi bure. Nikavua, nikavaa kile kilichokuwa kikavu katika mfuko. Nikapita sokoni kwenda nyumbani.

Sijawahi kupendwa hivi na Likasi. Mama muuza ndizi, ambaye tangu Noeli hataki kunikopesha, amenipa chana nzima. Akanishika mkono, hakuachia. "Pole, Papa. Jikaze." Nikajikaza. Mwanaume mmoja akavua kofia. Kijana wa pikipiki akanibeba mpaka mlangoni, akakataa malipo, akaniambia hata baba yake alikwenda hivyo hivyo, ghafula. Nikamwambia ni kweli, siku hizi watu wanakwenda ghafula bila kuaga. Sikujua tunaongea nini. Lakini mtu akikupa ndizi usimuulize mgomba uko wapi.

Nimeshuku kidogo. Ndizi nimekula.

Nyumbani nikavua ile fulana, nikaificha chini ya godoro Hélène asiione. Nikavaa shati la Misa.

Saa kumi na moja na nusu Hélène ameingia, kitenge kichwani. Georges amekufa.

Nikamwambia rudia. Akarudia. Soko lote linasema. Kwenye avenyu yao viti vimetoka, turubai limefungwa, Mama Chérie mke wake analia, kwaya imekwisha kufika. Mwili ati bado uko Mulungwishi. Simu haiiti. Na watu wamemwona ndugu mmoja wa marehemu, mzee, anapita sokoni na mvua akiwa amevaa tayari fulana ya kilio.

Ndugu gani mwenye haraka namna hiyo? Atakuwa yule mpwa wake wa Mwadingusha. Anaitaka kinga.

Halafu nikakaa chini. Jana nimeweka sura yake kwenye fulana. Jana Rolly ameweka msalaba. Leo Georges amekufa. Minye! Kwa mkono wangu na kuku mweusi! Mweusi, Mungu wangu, ningechukua hata yule mwekundu.

Ile tai ya picha yangu ya kustaafu ni yake. Aliniazima asubuhi ile, akanifunga mwenyewe kwa sababu sijui kufunga. Sikuirudisha mpaka leo. Hakuidai hata siku moja.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika na kidevu kimevimba. Nitasema kila kitu kwa taratibu.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye kilio. Siku ya Klabu sikuikumbuka hata kidogo. Wanaume kwenye viti vya plastiki, wamama kwenye mikeka, masufuria ya bukari yanachemka. Mama Préfet Josée mbele kabisa, na kitenge cheusi. Wakauliza nani atamsemea marehemu mwili ukingojewa. Nyumba ya tatu imsemee nyumba ya nne, wakasema. Nikasimama.

Nilitaka kusema maneno mawili. Yalitoka yote. Nikasema, Georges, ndugu yangu, zile kokoto ndani ya tarumbeta ni minye. Lile bonde kwenye tarumbeta kubwa, ambalo ulisema ni la safari, ni minye na chuma cha kengele. Vijiti vya ngoma viko juu ya dari la choo cha wavulana, minye. Fanfari yako inapiga vizuri, nilikuwa nafunga dirisha nisisikie vizuri. Wamama wakaanza kulia kweli. Nikaona maneno yanashika, nikaendelea. Nikamgeukia Mama Préfet, mkono juu kama kwenye bendera: "Mama, uwe shahidi! Ile magazini ni ya Georges! Namupa! Na ngoma zake ziingie!"

Wamama wakaacha kulia. Nikafikiri, nimewagusa.

Halafu sauti nyuma yangu: "Édo, uko unasema kweli, ao uko unalia tu?"

Georges. Amesimama langoni, matope mpaka magotini, kinga mkononi, gunia la viazi vitamu nyuma. Simu yake iliisha moto, chaji yote, tangu jana. Amefika nyumbani akakuta kilio, akajipanga mstari wa nyuma kuuliza nani amekufa.

Wamama wawili waliruka ua. Katekista alipita chini ya meza. Kiti changu kilivunjika. Nilikuwa sijakikalia, nilikiangukia. Mama Chérie alimpiga mume wake na mwiko wa bukari mara tatu, akimuuliza alikuwa wapi, ndiyo akamkumbatia.

Watu walikuwa wanaanza kurudi pale tuliposikia wimbo barabarani. Saa nne ilikuwa imepita. Mstari wa wanafunzi, Joëlle mbele. Kumi na nne. Kila mmoja kifuani, minye na tai.

Wale waliokuwa wameruka ua wakaruka tena.

Joëlle ilibidi apande juu ya kiti kuelezea. Siyo kilio! Ni maillot, jezi ya klabu! Chini ya sura sasa imeandikwa TANGU 1951, kama kwenye chupa ya bia. Hilo neno TANGU ndilo Rolly alikuwa hajaliweka. Na kwa ajili ya maillot wamepata wanachama wapya watano. Mwaka wameuliza, picha Hélène ametoa, wote walijua. Hawakuniambia kwa sababu, alisema Joëlle mbele ya watu, "Kambo ukimwambia siri anatafuta mwizi."

Walikuwa wamenisubiri mlangoni pa magazini tangu saa tatu. Mlango umefungwa. Ufunguo uko na nani? Mfukoni mwangu.

Mama Préfet akafungua daftari yake pale pale kwenye kilio. Klabu ya Kisolo saa nne: wanachama kumi na nne, encadreur hayupo, chumba kimefungwa. Klabu haifungwi, ameihurumia hesabu ya watoto. Lakini chumba kimekwenda. Siyo yeye aliyekitoa. Nilikitoa minye, na mkono juu, mbele ya mashahidi sitini.

Bukari ilikuwa imekwisha kuiva. Tukala. Georges alikula sahani mbili za kilio chake.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi ngoma zimeingia magazini. Nimegonga reli kwa nguvu nisisikie zikipita.

Fanfari imepata watu wapya tisa. Kila mtoto anataka kufundishwa na mtu aliyetoka Mulungwishi akiwa marehemu.

Watoto wangu kumi na nne wamekuja saa ya klabu, na maillot zao. Wamekaa chini, karibu na reli, mbao juu ya magoti. Hakuna aliyekosa. Joëlle amepiga wote, akanitukana na minye kwa heshima kamili. Kulikuwa na vumbi machoni.

Halafu Georges amekuja. Nilisimama, nikijua sasa ni ile hesabu ya kokoto. Hapana. Amesema magazini ni kubwa, ngoma zikae upande wa ukuta, mbao za kisolo upande wa dirisha, Mama Préfet amekubali. Ametoa ufunguo mwingine, akaniwekea mkononi. Akasema kama wanachama hawajatosha, aandikwe yeye. Wa kumi na tano. Akavuta kiti akacheza na minye, mara ya kwanza tangu kambini.

Nimemshinda.

Jamani! Georges hajapata kushindwa kisolo katika maisha yake. Aliacha shimo zima la mbegu wazi mbele yangu, kama mtu aliyesahau mlango. Akacheka. Akanipiga begani. Akaacha tarumbeta yake bila kufuli, karibu na mkono wangu, akaenda zake.

Mtu hasamehe hivyo. Nimekaa tangu saa nane nikipima kila upande. Kwanza kilio, ili nitoe chumba mbele ya watu. Sasa chumba, ili nitoe kitu gani? Ni reli anayoitaka. Anataka kuwa mpiga kengele. Nimekwisha kuifunga kwa mnyororo.

Nimemwita Joëlle, nimemwelezea yote, kwa sauti ndogo, nikamwomba awe anaandika kila hatua ya Georges kwenye ubao. Akasema, "Kambo, labda Papa Georges anakupenda tu."

Maskini mtoto. Kumbe na yeye wamekwisha kumnunua.